Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kaya Haimo Mchoroni

Wazee wetu wa ngambi (baraza la wazee wa kaya), akina mama, vijana, ndugu wanachama,

Kabla ya lolote tuwakumbuke wazee wawili tuliowazika mwaka huu. Mmoja wao alijua majina ya njia zote zinazoingia kayani, msitu wetu mtakatifu wa mababu, na katika taarifa hii mtaona mara ngapi tulimtafuta tukakumbuka kwamba hayupo.

Mwaka umeliwa na jambo moja: ujenzi. Mnajua ulivyoanza. Kijana aliyekwenda kuangalia mizinga ya nyuki alikuta vigingi vyenye rangi nyekundu vimefungwa uzi wa plastiki, kutoka barabarani hadi kwenye mbuyu wa mlango wa magharibi. Nilikwenda mwenyewe jioni ile. Kigingi cha mwisho kilikuwa hatua 14 kupita mbuyu, upande wa kaya, na aliyekipigilia alikuwa amekata mzizi ili kikae wima. Baada ya siku chache tukasikia kwamba jirani anapanga nyumba za wageni, ukuta wa mawe kuzunguka shamba lake, na barabara ya malori. Tangazo la kuwaita wananchi watoe maoni lilikuwa limebandikwa, lakini mahali ambapo watu wa vijiji vyetu hawapiti.

Tulipopata nakala ya mchoro, mzee wetu mmoja aliomba auone. Tuliutandaza juu ya boneti ya gari, tukauwekea mawe pembeni usipeperuke. Akauliza, "Mlango uko wapi?" Mpimaji aliyeuchora akamwonyesha geti la magari. "Si huo," akasema mzee. "Mlango wa kaya." Mpimaji akatafuta, asiuone. Pale penye mlango palikuwa pameandikwa "kichaka". Penye makaburi hapakuwa na neno lolote.

Mpimaji yule hakuwa na nia mbaya, na nimemwambia hivyo. Alichora alichokiona. Angeona msikiti angeuchora, angeona kanisa angelichora, kwa sababu vina kuta na paa. Kaya yetu ina njia, ina miti, ina fingo, kinga ya kaya, lililozikwa ambalo hakuna atakayemwonyesha mgeni, na ina moro, uwanja wa wazee kukutania, pale katikati ambapo leo mtu asiyefahamu ataona uwazi tu. Ugomvi wote wa mwaka huu, tukiuondolea makelele, ulikuwa juu ya hilo: mpango wa ujenzi huheshimu kilichojengwa, na sisi tunadai heshima kwa kisichojengwa.

Sheria iko upande wetu kuliko wengi wetu tulivyodhani. Kaya za kwanza zilitangazwa kuwa turathi za kitaifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO iliiandika Misitu Mitakatifu ya Kaya za Mijikenda katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inalinda mahali palipotangazwa. Kifungu cha 63 cha Katiba ya Kenya kinataja waziwazi maeneo ya ibada za jamii kuwa sehemu ya ardhi ya jamii. Tena Sheria ya Mazingira ya 1999 inataka miradi ya aina hii ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Udhaifu wetu ni mpaka. Tangazo la serikali linasema kaya inalindwa. Mawe ya kuonyesha inapoanzia hayapo, au yapo na yamefunikwa, au yaling'olewa zamani na mtu aliyetaka kulima. Jirani ana hati miliki yenye vipimo. Sisi tuna kumbukumbu ya wazee. Mbele ya watu wanaoamua kwa karatasi, kumbukumbu isiyoandikwa inachoka upesi.

Kwa hiyo uamuzi mkubwa wa kamati, na ambao nauona kuwa kazi bora tuliyofanya, ulikuwa kutembea mpaka. Tulitembea siku tatu, wazee mbele, vijana nyuma na simu za kuchukua alama za setilaiti. Viatu tuliviacha nje, tukavaa kaniki kama inavyotakiwa, mpimaji tuliyemwajiri akiwemo. Kila mzee aliposimama, kijana aliweka alama na kuandika jina. Mahali pawili wazee hawakukubaliana, na tuliandika kauli zote mbili bila kumshinda yeyote. Upande wa kusini njia ilipotea kabisa. Huko ndiko alikokuwa akitupeleka marehemu.

Ramani hiyo tuliiwasilisha pamoja na pingamizi letu. Tulieleza pia jambo la mashimo ya maji taka ya nyumba hizo za wageni: mwamba wa matumbawe una vitundu kama sifongo, na kinachomwagwa upande mmoja hakikai hapo. Matokeo hadi leo ni haya. Barabara ya malori imehamishwa, haipiti tena karibu na mbuyu. Ukuta bado, na kwa upande huo tumekata rufaa ndani ya siku 60 zinazoruhusiwa na sheria. Vigingi vimeng'olewa, na waliovipiga ndio walioving'oa. Nawashukuru sana vijana waliotaka kuving'oa usiku na wakakubali kungoja.

Sasa nije kwenye ugomvi wa pili, ambao uliniumiza zaidi kwa sababu ulikuwa wa nyumbani. Kamati yenyewe ilipendekeza kujenga banda la kupokea wageni ndani ya mlango wa kwanza, sakafu ya saruji na paa la mabati. Pendekezo lile niliunga mkono mimi. Nilitazama mvua, nikatazama watalii wanaosimama juani, nikaona manufaa. Sikutazama kwamba msingi wa saruji unachimbwa, na ndani ya mlango ule hapachimbwi.

Mjadala ulikuwa mkali. Waliotaka mabati walitaja moto uliounguza makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, Uganda, Machi 2010, nyasi zikateketea na eneo likawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini hadi 2023. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini Kasubi walirudi kwenye nyasi, wakatafuta njia nyingine za kuzuia moto. Wanachama wengine, wakiwemo wenzetu wanaoswali na wasioshiriki matambiko, waliona kwamba tukijenga, matambiko yatapewa nguvu. Wengine waliona kwamba tusipojenga hatutambuliki. Nawaomba tuendelee kubishana hivyo, uso kwa uso. Mtu asitumie jambo hili kuwanyoshea wazee kidole cha uchawi. Tunajua pwani hii wazee wangapi wamelala macho kwa neno hilo.

Mwisho tulikubaliana: banda litakuwa nje ya mlango, karibu na barabara, kwa miti ya kupandwa, fito na makuti, bila msingi wa kuchimba, na mapipa ya maji na mchanga kando yake. Ndani hakitajengwa kitu. Ngambi wamekubali, na uamuzi umeandikwa katika kumbukumbu za mkutano wa kamati, zisomeke na atakayetaka.

Hayo mengine ni machache. Mweka hazina atasoma hesabu. Matumizi makubwa yalikuwa malipo ya mpimaji na nauli za wazee. Miche tuliyopanda upande wa machimbo ya zamani, karibu nusu ilikauka kwa kukosa wa kuimwagilia. Kikundi cha akina mama wa asali kinaendelea vizuri, na ni wao waliotulisha siku zote tatu za kutembea mpaka.

Kuna aliyeniuliza kwa nini tunahangaika na karatasi wakati kaya imeishi karne nyingi bila hizo. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo ya Wagiriama, wenzetu wa Mijikenda, kwa baruti, kwa sababu ya viapo vilivyoliwa pale. Waliolipua walijua wanachokilipua. Tingatinga la leo halijui, na dereva wake akiulizwa atafungua mchoro aonyeshe kwamba pale pana kichaka.

Kabla rufaa haijasikilizwa tunataka kuukamilisha upande wa kusini. Naomba kila mwanachama mwenye babu, bibi au jirani mzee aliyewahi kuingia kayani kupitia upande huo atoe jina kwa katibu leo, kabla hatujatawanyika. Wasioweza kutembea tutawafuata nyumbani. Safari ya kwanza ni Jumamosi ijayo alfajiri, tunakutana penye mbuyu.

Mwenyekiti