Bakuli hupasuka kwa pupa ya mchongaji, si kwa ubichi wa mti

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa ufundi wa nyumbani umewashauri wanaotaka kujifunza kuchonga mabakuli watafute kwanza kipande kikavu cha mninga au mpingo, kwa hoja kwamba mti mbichi lazima upasuke. Naomba nafasi nipinge. Anayeanzia kwenye mpingo mkavu atatoa fedha nyingi kwa kipande kidogo, kisha atakuta tezo, kishoka chenye makali yaliyokingama, linadunda, patasi inapoteza makali kila mara na viganja vimetoka malengelenge kabla tumbo la bakuli halijafika kina cha kidole. Mpingo ni mzito hadi unazama majini. Huo ni mti wa klarineti, ile ala ya kupuliza, na wa vinyago vya mafundi waliokubuhu, na tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa, pamoja na ya jamii yake yote, Dalbergia, inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Hauna haja ya kumalizwa kwa majaribio ya bakuli la karanga.

Mti mbichi hukatika kama muhogo uliochimbwa leo. Tawi nene la jakaranda lililopogolewa kando ya barabara, au mwembe uliozeeka uani, humtosha mwanafunzi kwa miezi. Kupasuka kupo, sikatai, ila kuna sababu zake, na karibu zote zimo mikononi mwa mchongaji.

Tazama kichwa cha gogo: kiini katikati, pete zikikizunguka. Mti ukikauka husinyaa kwa kufuata mzunguko wa pete karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome. Kwa urefu hausinyai kiasi cha kuonekana. Gogo zima kwa hiyo linajikaba lenyewe. Mzingo unataka kupungua kuliko kipenyo kinavyouruhusu, na pa kuachia ni ufa mmoja mrefu kutoka gomeni hadi kiini. Lipasue gogo katikati ya kiini, na kila nusu inapata nafasi ya kujikunja bila kuraruka. Maji yanayotoka kwanza, yale yaliyojaa kwenye matundu ya mti, hayasinyazi kitu. Kusinyaa huanza unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito mkavu wa mti, ndiyo maana bakuli linaweza kuonekana zima siku tatu na kupasuka siku ya nne, mwenyewe akiwa ameshalisifia kwa majirani.

Kwa bakuli la urefu wa sentimita 30 tafuta gogo lililonyooka, lisilo na mafundo, kipenyo sentimita 25 hadi 30, na ulikate urefu wa 40. Zile tano za ziada kila upande ni sadaka, kwa sababu vichwa vya gogo hupoteza maji mara kumi au zaidi kuliko ubavu na huanza kuatuka siku ileile ya kukatwa. Kama gogo limelala juani, kata kisahani chembamba kutoka kichwani na ukipinde kwa mikono: kikivunjika mahali ambapo jicho halikuona kitu, ufa bado upo, kata kingine. Usipochonga siku hiyo, paka vichwa mshumaa ulioyeyushwa au mabaki ya rangi ya mafuta, uliweke kivulini bila kulibandua gome.

Kupasua ni kwa kabari, si kwa msumeno. Kabari hufuata nyuzi. Msumeno huzikata popote, na ukuta wa bakuli wenye nyuzi zilizokatwa mshazari huwa dhaifu. Weka kabari ya chuma kwenye kiini, ukifuata ufa kama umeshajitokeza, kisha fuatiza na kabari za mti mgumu ubavuni. Mwembe na mwarobaini zina nyuzi zilizosokotana, hupasuka kwa kupindapinda, kwa hiyo jiachie unene wa ziada. Baada ya hapo chonga uso uliopasuka mpaka kiini na pete zake za mwanzo ziondoke zote, karibu sentimita 2. Hapa ndipo wengi wanapofanya ubahili ili wapate bakuli lenye kina zaidi. Kiini kikibaki kwenye ukingo, ufa mwembamba kama unywele utatokea palepale kilipo, na hakuna gundi itakayouzuia.

Kabla hujachora duara, amua mdomo utazame wapi. Mdomo ukitazama upande wa kiini, gome likiwa chini, kitako kikikauka huingia ndani kidogo na bakuli hukaa imara. Ukitazama upande wa gome, kitako hutuna na bakuli huyumba kama mtumbwi mtupu. Anayetaka umbo hilo akikwangue kitako kiwe na kibonyeo tangu mti ukiwa mbichi. Kwa vyovyote vile duara halitabaki duara. Bakuli lenye upana wa sentimita 20 litapungua karibu moja kukata nyuzi, na urefu utabaki uleule. Mwanzoni ni afadhali kuchora yai kuliko kupigana na maumbile.

Anza na tumbo, si na mgongo. Gogo likiwa bado lina ubapa na uzito wake hutulia juu ya kigogo. Ukianza na mgongo utabaki na kitu cha mviringo kinachokimbiakimbia kila unapopiga. Kigogo cha kuchongea kiwe na shimo kidogo juu, au vigingi vinne, ili bakuli likae na kushikwa kwa kabari ndogo za mti. Tezo liwe na makali yaliyopinda na pembe zilizoinuka, kwa sababu pembe kali za tezo bapa huchimba mifereji. Mhunzi anaweza kulitengeneza kutoka kipande cha springi ya gari. Mwambie makali yawe na mteremko wa digrii 25 hadi 30. Mpini wa mpera nauamini.

Piga kutoka ncha moja kuelekea katikati, geuza bakuli, piga kutoka ncha ya pili. Daima unateremka. Tezo likivuka kina cha chini na kuanza kupanda upande wa pili, nyuzi hunyofoka na kuacha shimo ambalo utalifukuza kwa nusu saa. Acha ukingo wa sentimita 2. Kina kipime kwa vijiti viwili, kimoja kikilala juu ya kingo na kingine kikisimama ndani. Simamisha kuchimba kitako kikiwa kimebaki na sentimita 2, kisha ligeuze ulichonge mgongo kwa shoka dogo, ukimalizia kwa kisu au patasi. Mkono ulioshika bakuli uwe nyuma ya makali, na magoti yasikae kwenye njia ya tezo. Tezo linaloteleza halisimami kwenye suruali.

Unene ndio unaoamua kila kitu: milimita 12 hadi 15 ukutani, kitako kisizidi 18. Bakuli lenye ukingo mwembamba na kitako kinene kama tofali litapasuka hata ukilikaushia pangoni, maana ukingo unakauka na kutaka kupungua wakati kitako kilicholowa kinauzuia. Lipitishe kati ya kidole gumba na cha shahada kuzunguka lote. Vidole hutambua tofauti ya milimita mbili upesi kuliko macho. Nafasi za hatari ni ncha mbili za bakuli, ambako nyuzi zimekatwa vichwa. Wachongaji huogopa kuzipunguza, wakaziacha nene, na nyufa huanzia hapohapo.

Kazi isipoisha siku moja, usiliache bakuli mezani usiku kucha. Litie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vibanzi vyake, ufunge. Siku mbili tatu tu, kwa sababu mwembe na miti mingine myeupe hushika ukungu na madoa ya kijivu yasiyotoka, hasa wakati wa masika.

Likishachongwa lote, likaushe polepole. Lifunike kwenye gunia au magazeti mawili matatu (haya yenu yanafaa sana), liweke kwenye boksi la karatasi kivulini, mbali na jiko na upepo wa dirisha. Magazeti yakilowa, badilisha. Lipime kila siku kwa mizani ya jikoni na uandike uzito kwa penseli kwenye kitako chenyewe. Tuseme leo ni gramu 1,400 na kesho 1,330; siku za kwanza uzito huporomoka, kisha mwendo hupungua. Ukiona ufa mdogo unaanza, lirudishe kwenye mfuko siku moja, halafu liongezee karatasi. Uzito usipobadilika siku nne mfululizo, bakuli limekauka kwa kiwango cha hewa ya mahali pako. Pwani huchukua wiki tatu au nne. Dodoma wakati wa kiangazi muda ni mfupi zaidi, nayo hatari ni kubwa kwa kadiri hiyo. Kuanika juani ili kuwahi, kama makala yenu ilivyopendekeza kwa vipande vyenye unyevu, ndiyo njia ya uhakika ya kupata kuni zenye umbo la bakuli.

Umaliziaji ufanyike likiwa kavu. Msasa kwenye mti mbichi huziba mara moja. Paka ubao bapa unga wa makaa, sugua kitako juu yake, kwangua palipopata weusi, rudia hadi bakuli litulie. Ndani pitisha patasi yenye makali ya mviringo, iliyonolewa upya kwenye kinoo. Ukipenda msasa anza na namba 120, kisha 180 na 240, ulowanishe bakuli kwa kitambaa ili nyuzi zisimame, likauke, usugue tena kidogo.

Vanishi na dawa ya viatu, ambazo wauza vinyago huzipenda kwa mng'aro, zisiguse chombo cha chakula. Tumia mafuta ya kitani yasiyotiwa dawa. Yanayouzwa kwenye maduka ya rangi kama yaliyochemshwa kwa kawaida yana kemikali za kuyakausha upesi. Paka, subiri dakika 20, futa yote yaliyobaki juu, acha siku kadhaa hadi yakauke, rudia mara tatu. Matambara uliyofutia yatandaze nje yakauke au yaloweke majini, usiyakunjekunje kwenye kona, kwani mafuta hayo yakikauka hutoa joto na matambara yanaweza kuwaka yenyewe. Mafuta ya nazi nayo yanafaa, ila hayakauki, itabidi kuyarudia kila baada ya wiki kadhaa.

Kuhusu miti: jakaranda ni laini na tulivu, ndio ningempa anayeanza. Mparachichi hukatika vizuri mno lakini ukingo wake huumia kirahisi. Mwarobaini unachongeka, ila uchungu wake ufanye bakuli la matunda na si la uji. Utomvu wa mwembe na mkorosho huwawasha baadhi ya watu hadi ngozi kutoka vipele, na vumbi la mgrevilea vilevile, kwa hiyo nawa mikono na ufunge pua wakati wa msasa. Oleanda ina sumu na isichongwe hata kijiko. Mti wa msituni hauguswi bila kibali cha mamlaka ya misitu, na hata wa shambani uliza kabla ya kuusafirisha.

Wenye mabakuli yaliyokwisha kupasuka wasiyatupe. Bakuli likishakauka kabisa, toboa vitundu vidogo kila upande wa ufa kwa umbali wa sentimita 1, na kimoja mwisho kabisa wa ufa ili usiendelee. Shona kwa waya mwembamba wa shaba kama vibuyu vinavyoshonwa, ukikaza kwa koleo kutoka ncha ya ndani kuelekea ukingoni. Mchuzi halitashika tena, lakini ndizi na machungwa litabeba.

Mchonga vyombo vya mbao,
Muheza, Tanga