Msimbo wa programu yako ukae wapi: GitHub au kwenye seva yako?

Mteja wetu mmoja mwenye duka la jumla alituita mfumo wake wa mauzo ulipogoma kuwaka. Seva ilikuwa chini ya meza ya mhasibu, diski ya bakapu imechomekwa, taa yake ya kijani inawaka vizuri tu. Tulipoifungua, faili la mwisho lilikuwa la miezi minane nyuma. Diski ilishajaa na hakuna aliyejua. Msimbo wa mfumo, yaani maelekezo yaliyoandikwa na mafundi kuuendesha, ulikuwa kwenye seva ile ile iliyokufa, basi.

Ndiyo maana wateja wengi tunawashauri watumie GitHub, huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi msimbo. Hifadhi ya faragha, isiyoonekana na watu wa nje, ni bure tangu Januari 2019. Sharti letu ni moja: akaunti ifunguliwe kwa baruapepe ya kampuni yako, sisi tualikwe tu. Tukiachana kesho, unatuondoa na kazi inabaki kwako.

Wakubwa nao huteleza. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, huduma nyingine ya aina hiyo, alifuta kwa bahati mbaya data za seva kuu. Walipokimbilia bakapu, wakakuta hazifanyi kazi. Kilichowaokoa ni nakala ya saa sita kabla, iliyochukuliwa kwa shughuli nyingine kabisa. Msimbo wa wateja ulisalimika.

Wengine hutuambia, "Je, mkongo wa baharini ukikatika?" Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika na intaneti ikayumba Tanzania nzima, kwa hiyo hofu hiyo ina msingi. Lakini Git, programu ya kutunza msimbo ambayo GitHub hutumia, huweka historia yote ya msimbo kwenye kompyuta ya kila fundi. Kazi inaendelea, mtandao ukirudi mnapandisha. Kwa sababu hiyo peke yake, usinunue seva.

Nunua kama mkataba wako unakataza msimbo kutoka nje ya ofisi, na una mtu anayelipwa kuiangalia. Hapo tunakufungia Gitea, programu ya kazi kama ya GitHub inayokaa kwenye seva yako na haihitaji mashine kubwa, na bakapu ya kila usiku inayokwenda jengo lingine. Kila mwezi tunairudisha bakapu hiyo kwenye kompyuta tupu, wewe ukiwa umekaa hapo unaona mfumo unawaka.

Ukija ofisini, njoo na majina ya wote wenye nywila za mfumo wako wa sasa. Tunaanzia hapo.