Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha: mzimamoto aambiwe kilichomo kabla hajaingia

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni mstaafu wa jeshi, mkazi wa Tengeru. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa askari wa zimamoto kambini. Kambi yenyewe sitaitaja, na mambo yake nitayaacha huko huko yaliko. Ninayotaka kukueleza hayana siri yoyote. Ni ujuzi wa kazi ambao kwa sasa unahitajika zaidi nje ya uzio wa kambi, kwenye barabara ile ile unayopita wewe kila unapokwenda uwanja wa ndege wa KIA.

Mwananchi akisikia zimamoto anawaza gari jekundu, king'ora na maji. Kambini kazi ina sura nyingine. Pale kuna bohari ya mafuta, ghala la risasi na mabomu, karakana yenye tindikali ya betri na mitungi ya gesi ya kuchomelea, stoo za rangi na dawa, na kwingine kuna ndege. Tangu ukuruta tulifundishwa kwamba swali la kwanza ni "humo ndani kuna nini?", na kabla halijajibiwa hakuna anayefungua maji. Ghala la risasi likishashika moto, kuna wakati amri sahihi ni kuwaondoa watu wote na kuliacha liungue. Hakuna amri inayomuuma mzimamoto kama hiyo, lakini ndiyo inayookoa. Waliokuwa Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, au Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, hawahitaji kusimuliwa ghala la mabomu likilipuka vipande vyake vinafika wapi.

Nikueleze kidogo tunavyoingia kwenye tukio la kemikali, maana humo ndimo hoja yangu ilimo. Vazi ni la kipande kimoja, zito, linakufunika wewe pamoja na mtungi wa hewa ulio mgongoni. Ukishafungwa zipu husikii vizuri, kioo kinaingia ukungu, jasho linateremka hadi kwenye buti, na mwenzako mnaelewana kwa ishara za mikono. Mnaingia wawili, hakuna anayeingia peke yake. Wawili wengine wanabaki nje wakiwa wameshavaa, tayari kuwafuata. Kuna mtu kazi yake ni moja tu, kushika saa na ubao: jina la aliyeingia, saa aliyoingia, hewa aliyonayo. Mtungi uliojazwa hadi presha ya bar 300 unakupa kama dakika 30 za kazi nzito, na humo humo utoe dakika za kurudi na dakika za kuoshwa. Filimbi ya mtungi ikilia, unatoka, hata kama valvu umeishika mkononi na imebaki nusu mzunguko kufunga.

Kuoshwa nako ni kazi kamili. Unasimama kwenye beseni, wenzako wanakusugua kwa brashi na sabuni kuanzia kichwani kwenda chini, na barakoa huivui mpaka uambiwe. Wapo watu duniani walioingia kwenye sumu wakatoka salama, wakaumia wakati wa kuvua nguo.

Sasa nitoke nje ya uzio.

Barabara ya Arusha kwenda Moshi hadi Holili, na ile ya Namanga, zinabeba kila kitu. Petroli na dizeli usiku na mchana. Gesi ya kupikia. Amonia ya mitambo ya kupozea. Klorini ya unga ya kutibia maji, ambayo ikikutana na mafuta inaweza kuwaka yenyewe, na ikikutana na tindikali inatoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumika kuua askari kwenye mahandaki ya Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Baruti za machimbo ya Mirerani. Viuatilifu vya mashamba ya maua. Vidonge vya kufukizia mahindi ghalani. Sipingi hata kimoja kati ya hivyo. Uchumi wa kanda hii unavihitaji. Ninachosema ni kwamba siku kimoja kikimwagika, anayeitwa kwanza ni kijana wa zimamoto, na mara nyingi anafika bila kujua anakabiliana na nini.

Njia ya kujua ipo. Kwa utaratibu wa kimataifa, lori la mzigo wa hatari huwa na kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili, moja juu ya nyingine. Ya chini inakitaja kitu chenyewe: 1203 ni petroli, 1202 dizeli, 1005 amonia, 1017 klorini, 1830 tindikali ya salfuriki. Ya juu inataja tabia yake: 2 ni gesi, 3 kimiminika kinachowaka, 6 sumu, 8 kitu kinachokula ngozi na chuma. Tarakimu ikirudiwa, hatari imeongezeka. Ndiyo maana petroli huandikwa 33. Na ukiona herufi X mbele ya namba hiyo, maji ni marufuku. Yote haya mtu anaweza kufundishwa asubuhi moja. Nimewafundisha vijana wa bodaboda hapa kijiweni na wameshika haraka kuliko nilivyotarajia.

Lakini kibao kinasaidia kikiwepo na kikionekana. Masika moja nilikuta lori limelala ubavu kati ya Usa River na Boma Ng'ombe. Turubai lilikuwa limekishukia kibao cha nyuma, kama kilikuwepo. Zimamoto walikuwa wameshafika, wamekwishakunjua mpira. Ofisa wao alimuuliza dereva amebeba nini. Dereva, maskini wa watu, akajibu alichoambiwa na aliyempakia: "Mzigo wa duka la pembejeo." Mvua ilikuwa inanyesha, na upande tuliosimama ulianza kuja mnuko kama wa kitunguu saumu uliochanganyika na samaki aliyeoza. Kwa aliyefundishwa, mnuko huo unatosha. Makopo ya vidonge vya kufukizia mahindi yalikuwa yamepasuka. Vidonge vile ni fosfidi ya alumini, na maji yakivigusa vinatoa fosfini, gesi yenye sumu kali ambayo inaweza kushika moto hewani bila kiberiti.

Nilijitambulisha kwa yule ofisa nikamweleza. Alinisikiliza, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Mpira ukarudishwa, watu wakasogezwa upande upepo unakotoka, makopo yakafunikwa kwa turubai kavu na mchanga mkavu ulioletwa na tipa lililokuwa linapita. Utingo alikuwa ameanza kutapika, akakimbizwa hospitali. Vijana wale wa zimamoto walikuwa jasiri na wepesi, sina neno juu yao. Mwenye lawama ni aliyepakia sumu akampa dereva karatasi iliyoandikwa pembejeo. Ila fikiria, Mheshimiwa, kama nisingekuwa nimetoka sokoni saa ile.

Nimejaribu kuliacha jambo hili lipite na limenishinda, kwa sababu yaliyotokea kwingine yanafanana nalo mno. Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, kikosi cha zimamoto kiliitwa bandarini kuzima moto wa ghala. Ndani mlikuwa na tani 2,750 za amonia naitreti, kemikali ya mbolea, zikalipuka. Wale watu kumi wa kikosi waliofika wa kwanza walikufa wote. Na hapa kwetu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu, watu wakaja na madumu, lori likawaka, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji na kuingia kwenye mitaro, na humfikia mwenye sigara au pikipiki inayounguruma kabla yeye hajauona. Miongozo ya kimataifa tuliyofundishiwa inasema tangi la petroli likiwaka, watu waondolewe hadi mita 800 kila upande. La gesi, mita 1,600. Pima mita 800 kutoka barabarani Tengeru siku ya gulio, Jumamosi. Soko zima limo, na sisi bado tunasimama hatua chache tukipiga picha kwa simu.

Kuna na jambo la mlima, ambalo mgeni hawezi kulijua. Mchana upepo kwenye mteremko wa Meru hupanda. Usiku hewa ya baridi hushuka ikifuata makorongo. Gesi nzito ikivuja barabarani saa nane usiku itashuka na korongo kuelekea nyumba zilizo chini, watu wakiwa wamelala. Anayetoa amri ya kuwahamisha lazima ajue hilo kabla ya siku yenyewe.

Kwa nini nakuandikia wewe na si mwingine? Kwa sababu wewe ni mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Mkoa. Jeshi linakaa kwenye meza yako, polisi wanakaa kwenye meza yako, na zimamoto ni wa kuitwa tu. Nje ya meza hiyo wataalamu wamejaa mkoani na mpakani mwake: ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo Arusha, wataalamu wa viuatilifu wapo Ngaramtoni, wa mionzi wapo Njiro, na KIA kuna zimamoto wa uwanja wa ndege waliozoea povu na mafuta. Sijui mkoa mwingine nje ya Dar es Salaam wenye bahati hiyo. Kinachokosekana ni makubaliano yaliyoandikwa, ya ukurasa mmoja unaobandikwa ukutani: tukio la kemikali likitokea, nani anapigiwa, nani anatoa amri, na kikosi cha kambi kinatoka getini kwa idhini ya nani. Nimetumikia jeshi, najua askari hatoki na vifaa bila amri, na ni sawa isiwe holela. Basi amri hiyo itolewe mapema, iwe na masharti yake, ili amonia ikivuja saa tisa usiku pasianze kutafutwa mtu wa kusaini barua.

Mipaka nayo iangaliwe. Pale KIA na Mirerani mikoa mitatu inakutana, Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Lori halijui limepindukia mkoa wa nani. Naomba uzungumze na wenzako wawili mkubaliane kwamba aliye karibu ndiye anayeanza.

Naomba pia kila ghala la kemikali, kila kiwanda chenye mtambo wa amonia na kila duka kubwa la pembejeo liwasilishe orodha ya kilichomo kwa zimamoto, na orodha hiyo iwepo anapokaa anayepokea simu za 114, isifungiwe kabatini kwa mtu aliyekwenda likizo. Na trafiki wanaposimamisha malori wakague kibao na karatasi za mzigo kwa ukali ule ule wanaokagua nao matairi. Mazoezi ya pamoja yafanyike barabarani kweli kweli, na wenyeviti wa vitongoji, wauguzi wa zahanati na bodaboda wawemo, kwa kuwa hao ndio hufika kabla ya gari lolote jekundu.

La povu nalitaja kwa uchungu. Kwa miaka mingi povu lililosifika kuliko yote kwa moto wa mafuta, hasa kwenye kambi na viwanja vya ndege duniani, limetengenezwa kwa kemikali za florini ambazo ardhini haziozi. Nchi nyingine sasa zinachimbua udongo na kufunga visima karibu na kambi zao kwa sababu yake. Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali zisizooza, ambao Tanzania ni mwanachama, umeziwekea masharti kemikali kadhaa za jamii hiyo, ya kwanza mwaka 2009, nyingine 2019 na 2022. Sisi tunakunywa chemchemi, na mito inayokatiza barabara hii inaingia mto Kikuletwa na kwenda bwawa la Nyumba ya Mungu. Povu litakalonunuliwa kuanzia sasa liwe lisilo na florini, na maji ya kuzimia moto wa kemikali yakingwe kwa mchanga yasifike mtoni. Kule chini unakopita mto Themi kuna akina mama wanamwagilia mboga tunazokula mjini.

Mwisho ni afya ya vijana wenyewe. Mwaka 2022 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nimezika wenzangu; sitasema kilichowaua maana mimi si daktari. Lakini kijana anayeingia kwenye moshi kwa niaba yetu anastahili kupimwa kila mwaka, kuwa na seti ya pili ya mavazi wakati ya kwanza inafuliwa, na mahali pa kuoga kabla hajapanda daladala kwenda kuwabeba wanawe.

Wastaafu wa kazi hii tupo, Arusha na Moshi. Tunakutana, tunajuana, na madaftari ya mafunzo tunayo. Hatuombi posho. Ukiitisha kikao, tutumie ujumbe kupitia ofisi ya kata. Tutakuja na vibao vya mfano, na tunaweza kuanza na madereva wa malori wanaolala Usa River wiki hiyo hiyo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Sajenti mstaafu wa zimamoto,
Tengeru, Arusha