Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu shikamooni, na salamu kwenu nyote.

Mwaka huu mkebe wa harambee ulizunguka mara sita katika ukumbi wetu wa Brooklyn Park, Minnesota. Mara mbili ilikuwa misiba, kusafirisha miili nyumbani. Mara nne zilikuwa bili za hospitali. Hesabu atawasomea mhazini. Mimi nitakaa kwenye hizo nne, kwa sababu ndizo zilizoifanya kamati ichukue msimamo ambao baadhi yenu hamkuupenda.

Wa kwanza kati ya hao wanne ni mzee anayefanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ana sukari. Bima ya kazini anayo, na hapo ndipo wengi hushangaa. Bima yenyewe hailipi kitu mpaka atoe kwanza maelfu ya dola mfukoni mwake, kila mwaka. Nilipomtembelea alinifungulia friji akanionyesha kalamu za insulini. Mlangoni kulibandikwa karatasi kwa sumaku, imeandikwa siku za juma, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi zimepigwa mstari. Hizo ndizo siku alizokuwa akiruka sindano. Kidonda cha mguu kikamlaza, na bili ikafika angali anatembelea magongo.

Linaloniuma zaidi ni kwamba tangu 2020 jimbo la Minnesota lina sheria inayomwezesha mtu aliyebanwa kupata insulini ya siku 30 kwenye duka la dawa kwa dola zisizozidi 35. Hakuijua, na sisi viongozi hatukuwa tumemwambia. Tangu Oktoba 2024, vilevile, hospitali hairuhusiwi kukunyima matibabu unayoyahitaji kwa sababu una deni, wala deni la matibabu haliruhusiwi kupelekwa kwenye rekodi yako ya mikopo. Tumeyaandika hayo kwa Kiswahili na karatasi ziko mlangoni. Chukueni na za majirani.

Sasa msimamo wenyewe. Kamati imekubali kuunga mkono muswada unaoitwa Minnesota Health Plan, ambao Seneta John Marty ameurudisha bungeni mara nyingi bila kupita. Unataka kila mkazi wa jimbo awe na bima, na mlipaji awe mmoja: mfuko mmoja wa umma unaozilipa hospitali na madaktari, nawe unamchagua daktari umtakaye. Ndani yake mna meno, macho, afya ya akili, dawa, na huduma ya nyumbani kwa wazee, kazi inayotulisha wengi wetu. Kila mtu angechangia kwa kadiri ya kipato chake. Hospitali hazitaifishwi, anayebadilika ni mlipaji. Dada yetu mmoja anayeshughulikia bili kwenye kliniki ameniambia nusu ya siku yake huisha akiwa kwenye simu na makampuni ya bima, kila kampuni na fomu zake na sababu zake za kukataa.

Kuna watakaouliza kwa nini tusipiganie wale wasio na bima peke yao. Tumeshaona mwisho wake. Januari 2025 mpango wa MinnesotaCare, bima ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, ulifunguliwa kwa watu wazima wasio na hati za ukaazi, tukakesha tukiwajazia watu fomu. Juni bunge likapitisha sheria ya kuwaondoa, watoto tu wakabaki, na Desemba 31 kadi zao zikafa. Mpango wa kundi dogo lisilo na kura hukatwa wakati wowote bajeti inapobana. Uliomchukua mbunge, mkulima wa Mankato na mfagiaji wa usiku pamoja si rahisi kuukata hivyo.

Wenye kampuni ndogo za huduma za nyumbani walitupinga mkutanoni, nao wana hoja. Walileta mfano wa Vermont. Jimbo hilo lilipitisha sheria ya mlipaji mmoja mwaka 2011, na Desemba 2014 Gavana Peter Shumlin mwenyewe akaiacha, baada ya hesabu kuonyesha waajiri wangetozwa asilimia 11.5 ya mishahara na wananchi kodi ya mapato ya hadi asilimia 9.5. Ni kweli fedha hizo zingechukua nafasi ya malipo ya bima ya sasa, lakini mwajiri asiyewakatia watu wake bima leo angeanza kulipa asichowahi kulipa. Sitalificha hilo. Tena fedha za Medicare, bima ya umma ya wazee, na Medicaid, ile ya wenye kipato kidogo, ziko mikononi mwa serikali kuu, na sheria ya nchi ya 1974 inayazuia majimbo kuingilia mipango mingi ya bima za waajiri. Kwa hiyo barua yetu kwa maseneta inaunga mkono muswada na inaomba waajiri wadogo wapandishiwe mchango polepole.

Makato si neno geni kwetu. Ndugu zetu Kenya wanakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, tangu Oktoba 2024, na wengi wenu hapa mnawalipia wazazi kijijini. Harambee nayo ni makato, ila humfikia mwenye watu tu. Nesi mmoja alinisimulia habari za Mkongomani aliyetoka hospitali kabla ya siku zake kwa kuogopa bili. Hakuwa mwanachama wa chama chochote, na hakuna mkebe uliozungushwa kwa ajili yake.

Bunge la jimbo linafunguliwa St. Paul mwezi Februari 2026. Tunahitaji watu wa kutoa ushahidi, Kiswahili kinatosha, mkalimani tutamwomba. Yule mzee wa zamu ya usiku amekubali kwenda, ila anaomba apangiwe alasiri ili apate kulala kwanza. Majina mwachieni katibu kabla hamjatoka.