Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha maafisa wa uhusiano mwema,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema tu kwamba ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, na kwamba tumepokea wanachama wapya, wengi wao vijana waliotoka chuoni juzi juzi. Karibuni sana.

Kwa ajili ya vijana hao, mafunzo yetu ya mwaka huu yalijikita katika kazi ya Gina Din, mtaalamu wa mawasiliano wa hapa Kenya. Jina walilijua, kazi hawakuijua. Aliongoza mawasiliano katika benki ya Barclays hapa Kenya, kisha mwaka 1997 akafungua kampuni yake mwenyewe, wakati wakubwa wengi maofisini walimwona afisa wa uhusiano mwema kama mtu wa kupanga viti na kukaribisha wageni. Baadaye aliteuliwa kuwa balozi mwema wa UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu. Ningeweza kuendelea, ila nilitaka vijana wakae na kipindi kimoja tu: Julai 2011.

Mwezi huo Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika sehemu za kusini mwa Somalia, na huku kwetu picha za watoto wa Turkana waliobaki ngozi na mifupa zilikuwa kwenye televisheni kila jioni. Tarehe 27 ikazinduliwa kampeni ya kuwachangia wenye njaa, Kenyans for Kenya, ikiunganisha Safaricom Foundation, KCB Foundation, wamiliki wa vyombo vya habari na Shirika la Msalaba Mwekundu. Gina Din alikuwa miongoni mwa walioisukuma tangu mwanzo. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 kwa wiki nne. Baada ya wiki mbili watu walikuwa wamejitokeza kwa wingi hata likapandishwa hadi bilioni 1.

Fani yetu iliingia wapi hapo? Vyombo vinavyogombania wasikilizaji vilikubali kubeba ujumbe mmoja. Mchango ulipitia M-Pesa, kwa hiyo mama muuza mboga alichanga akiwa pale pale kibandani. Na mpokeaji alikuwa shirika ambalo Wakenya walikwisha kulizoea na kuliamini. Huruma ilikuwepo tayari. Kazi ya mawasiliano ilikuwa kuifungulia njia kabla haijapoa. Baada ya chakula cha dharura, sehemu ya fedha ilikwenda kwenye miradi ya maji na kilimo, na hilo nalisifu zaidi ya kiasi kilichokusanywa.

Sasa Mfuko wetu wa Watoto. Mfadhili mmoja alituahidi magodoro na karo, kwa sharti kwamba watoto wapangwe mstari mbele ya bango lake, wakishika hundi kubwa ya mfano, nyuso zikitazama kamera. Tulimweleza kwamba Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na kwamba picha hiyo ingemfuata mtoto hadi sekondari, wenzake wakimwita yule wa msaada. Akajitoa. Kamati haikuyumba, na pengo lilizibwa na michango yenu. Magodoro yalifika mchana wa siku ya shule, bila hotuba. Wasichana wawili waliyapokea mlangoni, wakagombea lenye kitambaa cha maua, wakalibeba wakicheka hadi ndani. Hakuna aliyepiga picha. Nawashukuru kwa dhati.

Lipo jambo zito zaidi. Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi, wa 2022 hadi 2032, unataka watoto watoke katika makao ya watoto na kulelewa katika familia. Sisi kila Desemba hubeba unga, mafuta na sukari kwenda makao yale yale. Naipenda safari hiyo, na najua wengi wenu mnaipenda. Hata hivyo, nyanya anayelea wajukuu wanne kwa kibarua cha kufua nguo ana haja ya karo na sare Januari, ili wasije wakapelekwa makao kwa sababu ya umaskini tu.

Kwa hiyo kamati inapendekeza nusu ya Mfuko ielekezwe kwa familia za namna hiyo, zikitambuliwa kupitia maafisa wa watoto wa kaunti ndogo. Pendekezo liko ukurasa wa mwisho wa makabrasha yenu. Naomba lijadiliwe kabla ya uchaguzi, na kura ipigwe leo, maana shule zinafunguliwa Januari.