Kwa dada yangu, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro

Dada, shikamoo.

Juzi usiku mwanao wa mwisho alituma "Sina Makosa" ya Les Wanyika kwenye kundi letu la familia. Wajukuu wakauliza huu wimbo wa nani. Ukawahi kuwajibu wewe: "Huo wetu wa Kenya, ulitoka tukikaa Majengo, Mombasa." Nikaandika jibu, nikalifuta. Nikaandika tena, nikalifuta. Niliyokuwa nayo moyoni hayaenei kwenye simu. Nayaweka hapa, watoto wayasome, na wewe wakusomee kama macho bado yanakusumbua.

Kwamba wimbo ulirekodiwa Nairobi sibishi. Ulitoka mwaka 1979, na waliouimba makao yao yalikuwa Nairobi. Lakini uliza walikotoka. Les Wanyika walimeguka kutoka Simba Wanyika mwaka 1978: Omar Shabani na gitaa lake la ridhimu, Tom Malanga wa besi, Rashid Juma wa dramu, wakaungana na John Ngereza na Issa Juma. Na hao Simba Wanyika ni kina nani? Ni wana wa Kinyonga, Wilson na George, vijana wa hapa Tanga, waliopiga bendi ya Jamhuri Jazz kabla ya kwenda Arusha kuunda Arusha Jazz, na mwaka 1971 wakavuka kuingia Kenya. Wimbo ulizaliwa Nairobi, sawa, lakini kitovu cha ukoo ule wote wa Wanyika kimezikwa Tanga. Na wewe pia kitovu chako kimezikwa hapa, Ngamiani, Barabara ya 12.

Unakumbuka baba alikuwa mtu wa Atomic Jazz na baba mdogo mtu wa Jamhuri? Walikuwa hawaelewani kabisa. Baba akisema hakuna gitaa kama la John Kijiko, baba mdogo anasimama, anavaa viatu, anaaga. Kesho yake jioni yuko tena barazani na kikombe cha kahawa. Ukiwauliza vijana wa sasa, wanadhani neno jazz maana yake muziki wa Wamarekani. Kwetu jazz ilikuwa bendi ya dansi, basi, na kila bendi na mtindo wake: Atomic na Kiweke, NUTA na Msondo, Western na Saboso, Tabora na Segere Matata. Mtu akitaja mtindo ushajua ni bendi gani na ni mshabiki wa wapi. Mji huu ulikuwa na fedha za mkonge wakati ule, vibarua wakilipwa Jumamosi mashambani, na muziki ulizifuata fedha hizo hadi makambini.

Redio yetu naiona hivi sasa. National ya mbao, kitambaa cheupe alichokifuma mama juu yake, pembeni vitundu vya spika ambavyo wewe ulivipangusa kila Ijumaa kwa unyoya wa kuku. Waya wa eria ulitoka dirishani ukaenda mpaka kwenye mwembe wa jirani. Nyuma, betri nne kubwa. Zikianza kuchoka, sauti ya mtangazaji inazama kama mtu anayeongea akiwa kisimani, na hapo mama anazitoa, anazianika juu ya bati la jiko tangu asubuhi. Jioni zinarudi na nguvu za saa moja, pengine moja na nusu. Saa hiyo moja hakuna aliyeruhusiwa kuichezea. Ilipigwa ile ngoma ya Radio Tanzania Dar es Salaam, tukasikiliza taarifa ya habari yote, baba ameinamisha kichwa, ndipo muziki.

Mama yeye hakuwa na habari na Atomic wala Jamhuri. Wake alikuwa Shakila, na akitoka Shakila ni Shakila. Binti wa Pangani, aliyeimba Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya hapahapa mjini. Ukiniuliza mimi, katika vyote Tanga ilivyoipa pwani hii, kikubwa zaidi ni hicho walichofanya Black Star. Taarab ya zamani ilitaka kundi kubwa la watu waliokaa kwa mistari na fidla na ganuni na udi. Black Star wakapunguza watu, wakaleta gitaa la umeme na besi na kinanda, na mpigo unaomwinua mtu aliyekaa kwenye mkeka. Kiswahili chake ni kile kinachosemwa uani. Sauti ile ikavuka mpaka kwenu Mombasa, na Mombasa wakaipokea. Hiyo ulikuwa ukiisema mwenyewe zamani, ukijisifu kwa mashoga zako wa Majengo. Leo umeisahau?

Shakila alipofariki mwaka 2016 nilitaka kukupigia simu, nikashindwa kuanza. Nilimwona mama, amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, "Kifo cha Mahaba" inaimba, mwiko mkononi, sufuria inaungua na yeye hana habari.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Uliolewa mwisho wa 1976. Ulipanda basi asubuhi na sanduku la bati na mkeka wa bibi, ukamwambia mama Iddi utakuja. Kwetu Mombasa haikuwa ughaibuni. Watu walikwenda kutazama mgonjwa na kurudi. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo, na wakubwa walikuwa na sababu zao, mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilichokijua ni kwamba Horohoro haipitiki na Iddi imefika bila dada. Ikaja ya pili bila dada. Wapo waliopita njia za panya na waliopita baharini usiku, ila baba alikuwa mtumishi wa serikali, akakataa katakata mtu wa nyumba yake asithubutu.

Mpaka uliwakata wanamuziki vilevile. Kwetu hapakuwa na kiwanda cha kufyatua sahani za santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania kwenye utepe, na yenye kutaka sahani ilikwenda Nairobi. Mpaka ulipofungwa sahani zikaadimika. Ila mawimbi ya redio hayakuonyesha pasi Horohoro. Usiku bahari ikitulia, ukiuzungusha mshale taratibu kutoka Dar es Salaam, unapita penye mkwaruzo, unapita penye Waarabu, halafu inaingia Sauti ya Kenya, safi kana kwamba mtangazaji yuko Chumbageni. Baba aligundua hilo mwezi wa tatu wa 1977. Tangu siku hiyo saa yetu moja ya betri ikagawanywa: nusu Dar, nusu Kenya. Hakutuambia kwa nini. Mama alijua. Kila walipotaja Mombasa, hata iwe bei ya nazi, aliacha alichokuwa akifanya.

Halafu bibi akafariki, masika ya 1978. Simu hakuna, barua itafika lini Mungu ndiye ajuaye. Baba akaenda kulipia tangazo la kifo. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya ile redio likisomwa. Unajua mwenyewe yalivyosomwa matangazo yale: jina la anayesikitika, jina la marehemu, kisha habari ziwafikie fulani wa Muheza, fulani wa Korogwe, fulani wa Pangani. Orodha ndefu. La mwisho lilikuwa jina lako, na neno Mombasa. Mtangazaji alilitamka sawasawa na majina mengine. Mama akatoka uani.

Uliwahi kuniambia kwamba ulilisikia. Ulikuwa unapembua mchele, na redio ya mkweo ilikuwa imefunguliwa Dar kwa sababu yako wewe. Nusu yao Dar, nusu yetu Kenya. Hilo silisahau, dada. Nyumba mbili mbali vile, kila moja inausikiliza upande wa mwenzake.

Miezi michache baadaye ndipo zikaja salamu zako. Jioni, Sauti ya Kenya, kipindi cha salamu. Mtangazaji anasoma kadi moja baada ya nyingine, watu wa Voi, watu wa Malindi, na sisi tunasikiliza kwa mazoea tu. Mara akataja jina lako. Baba akanyoosha mkono, hakuna anayepumua. Akasema unamsalimu baba, unamsalimu mama, unamsalimu mdogo wako wa mwisho, wote wa Ngamiani, Tanga, Tanzania. Akasema ujumbe wako ni kwamba msiba tulikuwa pamoja. Akasema, "Na anawachagulia wimbo..."

Betri zikaisha.

Sauti haikukatika kwa ghafla. Ilizama. Nilisikia gitaa, nahisi ni gitaa, kisha kitu kama nzi ndani ya kopo, kisha kimya. Baba akaitoa mifuniko kwa kucha, akazisugua betri, akazibadilisha nafasi, akazibana chini ya kwapa azipashe joto. Mama akakimbia kwa jirani kuazima, na jirani naye hana. Betri wakati ule hazikuwa kitu cha kuingia dukani na kutoka nacho. Tulipoiwasha tena usiku ule ilikuwa taarifa ya habari.

Ulipokuja mwisho wa 1983, mpaka umefunguliwa, una watoto wawili ambao hatujawahi kuwashika, swali lako la kwanza kwa mama baada ya kilio lilikuwa, "Zile salamu mlizisikia?" Mama akakujibu, "Tulizisikia zote, mwanangu, na wimbo wote, tukalia." Nilikuwa nimesimama mlangoni na maji yako ya kunawa. Alinitazama mara moja tu. Nikajua hili halisemwi.

Sikulisema miaka yote hii. Mama sasa hayupo, baba hayupo, na sidhani kama kuna anayeumia nikilisema leo. Hakutaka ujue kwamba wimbo wako ulifika nusu njia.

Nimejaribu kuutafuta mwenyewe. Naujua wakati, kwa hiyo "Sina Makosa" siyo, ilikuwa haijatoka. Kwa muda mrefu niliamini ni "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, kwa sababu ulimpenda Mbaraka kabla hujaolewa, na kwa sababu Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari hukohuko Kenya, Januari 1979, baba alisema, "Mwanangu huko aliko leo amelia," na sikujua alijuaje. Baadaye nikadhani ni Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab wa huko Mombasa, kwa heshima ya mkweo. Mara nyingine nadhani ni Shakila, kwa ajili ya mama. Gitaa lile nililolisikia linaweza kuwa lolote kati ya hayo, au lisiwe lolote. Nyimbo zote za miaka ile nikizisikia leo, na nazisikia sana, vijana wanazipiga hata kwenye bajaji, huwa nazipa nafasi: zinaanza, nasubiri gitaa, najiuliza kama ndiyo yenyewe.

Kwa hiyo ukiwaambia wajukuu kwamba ule ni wimbo wa Kenya, sikasiriki kwa ajili ya Tanga peke yake. Najua kilichoupitisha wimbo ule Horohoro wakati hata wewe hukuweza kupita. Waambie ni wa Wanyika. Waambie ulisikilizwa pande mbili.

Na mimi uniambie hili moja. Usiandike, ninyooshee sauti kwenye simu, hata uuimbe kidogo tu: siku ile ulituchagulia wimbo gani?

Mdogo wako wa mwisho,
Tanga