Fungua mlango, mwanangu

Assalam alaikum, mwanangu.

Ujumbe wako kwamba umechoka nimeusoma, nikampa na mdogo wako ausome, nione kama ni mimi niliyeelewa vibaya. Kisha binamu yako kanambia hii wiki ya pili hutoki chumbani. Fungua mlango, baba. Kama huna la kusema usiseme, ila mlango uwe wazi.

Sikwambii kazi utapata. Tangu umalize chuo nimekwambia "mwakani inshallah" mara tatu, na naona neno lile limekuchosha kuliko kukosa kazi kwenyewe. Na yale niliyokwambia Idi mbele ya watu, kwamba wenzio wamejenga, siku ile nilitoka pwani na jua kichwani. Basi.

Niko kwenye mwani tangu unaanza kulimwa hapa Paje, Unguja, 1989, nikimfuata bibi yako. Kotoni, ule wa bei, ulipoanza kufa kwa joto la maji, ukigeuka mweupe na kukatikia mkononi kama tambi zilizochemka, tulisema utarudi. Mimi haukunirudia. Kilichotuvusha ni spinosa, ule mwani mwingine, na bei yake ndogo ya kuudhi unaijua. Nikafunga mbegu kwa tai-tai, vile vikamba vyetu, kila bamvua, maji yakitoka sana, siku 45 mpaka kuvuna, huku nanung'unika. Ada yako ya kidato cha tano na sita imetoka humo.

Na ule mwaka niliokwambia nina malaria, haikuwa malaria. Siku tisa nimegeukia ukuta. Mama yako mdogo akaja, hakunisemesha mengi, akanikalisha barazani nichambue mchele. Kesho yake tena. Sikupona siku ile, lakini nilikuwa nje. Ndiyo maana naukazania mlango.

Usiku mawazo yakienda pabaya, nipigie, hata saa nane. Najua huwa nafoka nikiamshwa, niamshe tu. Na hospitali wapo watu wa kusikiliza mambo haya, nenda, si aibu.

Bati la jikoni limeng'oka, fundi nimemwambia asubiri. Mbuzi kazaa pacha, mmoja dhaifu, mdogo wako anamnywesha kwa chupa. Nimekuwekea pweza mkavu na achari ya embe. Mtoto wa jirani anashuka na boti Jumamosi. Kafuate mwenyewe bandarini. Usimtume binamu yako, nimeshamwambia asimpe mtu ila wewe.

Mama yako